Makohozi Hayaazimwi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na sita. Msicheke. Niliajiriwa nikiwa binti mdogo, na katika kazi ile nimeshika vikopo vya mkojo wa watu wengi kuliko vikombe vya chai nilivyoshika nyumbani kwangu.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kunihurumia tu, nikapata kazi ya uhudumu kwenye kituo kimoja cha afya hapa Dodoma. Kituo chetu kilikuwa kinapima watu wanaotaka kwenda kuishi au kufanya kazi nje. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea, kuwapima urefu na uzito, kuwapeleka eksirei, kuwapa vikopo na kuwatuliza. Hilo la kuwatuliza halikuwemo kwenye mkataba, lakini ndilo lililokula muda wangu wote. Baadaye kituo kikahamia mkoa mwingine, mimi nikabaki Mkonze na kuku wangu wa mayai. Ndiyo kustaafu kwenyewe.

Sasa wadogo zangu mkipata safari mnanifuata bandani. "Dada Neema, shikamoo, kesho napimwa. Wanapimaga nini kule?" Nawajibu nikiwa nimeshika ndoo ya pumba, kuku wananidonoa vidole, na nusu ya maneno mnasahau kabla hamjafika barabarani. Nimeona niandike. Mkisahau, mtasoma tena.

La kwanza, ule si mtihani. Najua jina lake ni kipimo, na sisi Watanzania tukisikia kupimwa tunaanza kutafuta majibu ya mwaka jana. Nakumbuka ndugu wawili kutoka Chemba, wamepata safari pamoja. Mkubwa akaingia kwanza kupimwa macho, akatoka, akamkalisha mdogo wake kwenye korido na kumkaririsha zile herufi za ubaoni kuanzia juu mpaka zile za chini ndogondogo. Mimi sijui. Mdogo akaingia. Nikamwambia, funika jicho moja, soma. Kwa haraka na woga akafunika yote mawili. Akasoma ubao mzima, hakukosa hata herufi moja.

"Kaka," nikamwambia, "umefaulu kipofu."

Akafunua macho, tukacheka mpaka daktari akatoka kuuliza kuna nini. Na mwisho wa yote kijana alikuwa anahitaji miwani tu. Miwani haimzuii mtu kusafiri! Angeivaa akaondoka. Kwa hiyo kama una miwani njoo nayo. Kama kuna dawa unameza kila siku, za presha, za sukari, za kitu chochote, zibebe na maboksi yake. Uje na pasipoti yenyewe, kivuli chake hakitoshi. Na kadi za chanjo, hata ile ya kliniki ya utotoni ambayo mama ameifunga kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, mwambie akupe. Chanjo usizo nazo utachomwa, mkono utauma siku mbili, basi. Na kula. Watu wanakuja wamefunga tangu jana yake wakidhani damu ya mwenye njaa ndiyo safi. Mmoja alinidondokea mikononi palepale mezani, kisa kakataa uji. Ukitakiwa usile, utaambiwa kabla.

Jambo jingine ni wasindikizaji. Sisi wa huku hatuendi hospitali peke yetu, ni aibu, utaonekana huna watu. Anayepimwa ni mmoja, wanaokuja ni shangazi, baba mdogo, jirani na mtu aliyekuwa anapita tu njiani. Na wote wanajibu. Daktari anauliza, "Umewahi kuugua kifua?" Kabla hujafungua mdomo shangazi anadakia, "Huyu? Huyu hajui hata mafua!" Sasa wewe utasemaje mbele yake kwamba uliwahi kulazwa?

Aliyenifundisha dawa ya wasindikizaji ni Mzee Saidi, mpiga eksirei wetu, Mrangi wa Kondoa, mtu wa kanzu siku ya Ijumaa na utani siku zote. "Neema," aliniambia wiki yangu ya kwanza, "watu hao usiwafukuze, watanuna. Waambie kule nyuma kuna chai na maandazi ya moto. Shangazi akirudi, maswali yameisha." Ndivyo nilivyofanya miaka yote. Na nyie nawaomba: ukiingia kwa daktari, ingia peke yako. Waache wanywe chai. Ukiulizwa ulishaugua nini, sema. Kama uliwahi kutibiwa TB ukapona, sema, na kadi ya matibabu uje nayo. Kovu la zamani linaonekana kwenye picha hata ukilinyamazia miaka ishirini, na kovu lenye maelezo lina njia fupi kuliko kovu lisilo na maelezo. Kama una mimba, au unahisi tu, sema kabla ya eksirei. Na majibu ya damu yako daktari atakuambia wewe, mlango umefungwa. Hatamwambia shangazi. Kila nchi ina sheria zake kuhusu nini kinazuia safari na nini hakizuii, kwa hiyo usijihukumu kwa maneno ya vijiweni.

Kwenye eksirei Mzee Saidi alikuwa anawavua watu vitu kama polisi wa uwanja wa ndege. Mkufu, sidiria yenye waya, hirizi. Hirizi ilikuwa na ugomvi wake. "Mzee, hii siivui, ni kinga." Naye anajibu, "Mimi nitakushikia. Nikidhurika, tutajua inafanya kazi." Na nyie mabinti wa rasta ndefu, fungeni nywele juu. Rasta ikilala begani inatoka kwenye picha kama kivuli juu ya pafu, na kivuli juu ya pafu ni maswali. Mzee Saidi akishakupanga anasema, "Vuta pumzi, ibane, usicheke." Ukiambiwa usicheke, ndiyo unacheka. Picha inarudiwa.

Sasa niwaambie habari ya kivuli cha Elia. Jina nimebadilisha. Mama yake ameniruhusu niwasimulie, kwa sharti moja tu, niseme yeye mama alikuwa mrembo. Alikuwa mrembo.

Elia ni kijana wa Kibakwe, alisomea mifugo pale Mpwapwa, na akapata kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Kanada. Ng'ombe alikuwa anawapenda huyu mtoto! Wakati nampima presha alinieleza namna ya kumsogelea ng'ombe mgeni, usitokee nyuma, ongea naye kwanza. Nilimwambia, "Ndivyo na mimi ninavyofanya na sindano." Alikuja na mama yake tu. Baba alishafariki. Walikuwa wamefikia kwa mama yake mdogo hapa Mkonze, mtaa wa pili kutoka kwangu.

Mama Elia aliingia na kitenge chake kilichopigwa pasi, akasalimia ukumbi mzima kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" kama yuko kwao, na nusu ya watu wakaitikia. Mwembamba, mashavu yameingia ndani, lakini macho yanacheka.

Mzee Saidi alimpiga Elia picha, halafu akaenda kumwita daktari bila utani wowote. Daktari akamwita kijana, akamwonyesha. Juu upande wa kulia palikuwa na kivuli kidogo.

"Inaweza kuwa kovu la ugonjwa wa utotoni," daktari alimwambia. "Inaweza kuwa TB. Picha peke yake haiwezi kuniambia ni ipi. Tunataka makohozi, asubuhi tatu mfululizo. Tutayaangalia kwenye darubini, halafu tutayaotesha."

Kuotesha ni hivi: makohozi yanawekwa kwenye chupa yenye chakula cha vijidudu, yanasubiriwa. Vijidudu vya TB ni vivivu kuota, inaweza kufika hata miezi miwili. Visipoota, unasafiri. Vikiota, au vikionekana mapema kwenye darubini, unatibiwa kwanza mpaka upone, ndiyo uzungumzie safari. Na Elia alikuwa anasubiriwa shambani.

Wakati ule kikopo kilikuwa kinakwenda nyumbani. Unapewa, unatoa makohozi alfajiri, unaleta. Baadaye utaratibu ukabadilika, ukawa unatolea palepale kituoni, nyuma ya jengo penye upepo, mhudumu amesimama pembeni anakuona kwa macho yake. Msione mnadharauliwa. Kuna sababu, na sababu mojawapo ni huyu ninayemsimulia.

Asubuhi ya kwanza Elia alileta mate. Kijana wa maabara akanirudishia kikopo. "Neema, huyu kanitemea mate tu. Nayapima nini?"

Nikamkalisha Elia kwenye benchi nje, mama yake pembeni, nikamfundisha. Na nyie shikeni. Ukiamka, kabla ya chai, sukutua mdomo kwa maji matupu. Simama nje, mahali pa wazi. Vuta pumzi ndefu mpaka mabega yapande, ibane kidogo, itoe. Tena. Ya tatu ukiitoa, kohoa, na kikohozi kitoke chini kabisa, kwenye mbavu, siyo kooni. Kinachokuja ni kizito, kinavutika. Hicho ndicho tunachotaka. Kinachotoka kirahisi ni mate.

"Dada, mimi sikohoi," Elia akasema. "Nikohoe nini?"

"Utayapata tu."

"Kwa hiyo asipoleta mazito, haendi?" mama yake akauliza.

"Mama, bila makohozi hatuwezi kuendelea na kipimo."

"Haya." Akajiziba mdomo kwa kanga, akakohoa, kikohozi cha muda. "Vumbi la uwele hili," akaniambia kabla sijauliza. "Tangu tulipopura."

Nikamwambia akitaka daktari amwone, yupo. Akacheka, akasema amekuja kumpima mtoto, hakuja kujipima yeye.

Asubuhi iliyofuata Elia alileta makohozi mazuri, mazito, ya mfano wa kufundishia. Na iliyofuata vilevile. Nikampongeza: "Ona sasa! Ulikuwa unayaficha wapi?" Akatazama chini. Nikadhani ni aibu. Vijana waliolelewa vizuri wanaona aibu kusifiwa makohozi.

Majibu ya darubini yakatoka. Vijidudu vya TB vimeonekana, na vingi.

Nilikuwepo chumbani, nimeingiza maji ya kunywa, ndiyo kawaida yetu kwa majibu ya namna ile. Daktari alimweleza taratibu, kwamba dawa ni bure, ni miezi sita, zinaponya kabisa, lakini safari haiwezekani mpaka amalize. Nimewaona watu wakipewa maneno hayo. Wanalia, au wanabishana, au wanauliza kama picha haikuchanganywa na ya mwingine. Elia hakuuliza lolote kuhusu Kanada. Alisema, "Sawa, daktari. Nitachukua dawa leo?"

"Una swali?"

"Zinachukuliwa hapa, au naweza kupewa za mwezi mzima nikaenda nazo nyumbani?"

Daktari akamtazama, akatazama picha ya kifua, akamtazama tena. Kijana hajakohoa hata mara moja tangu aingie, na ana mwili wa fahali. Akamwambia akae nje kidogo.

Mama Elia alikuwa koridoni.

"Wamekuambiaje?"

"Nimepata, mama. Turudi nyumbani."

"Umepata nini?"

"Kifua."

"Wewe?" Akacheka kidogo. "Wewe una kifua gani, wewe?" Halafu kicheko kikakatika. Nilikuwa nimeshika ndoo ya kudekia, nikaona uso wake unavyobadilika. Akakaa kwenye benchi kama mtu aliyevutwa kanga kwa nyuma. "Elia. Mbona hukuwaambia?"

"Mama, taratibu, watu wanasikia."

"Mbona hukuwaambia ni ya nani?"

"Mama!"

Akasimama. Hakubisha hodi, aliingia moja kwa moja kwa daktari, Elia nyuma yake, na mimi nyuma ya Elia na ndoo yangu.

"Daktari, yale makohozi ni yangu. Mlisema yeye hana, na bila hayo haendi. Mimi ninayo, ya bure, kila alfajiri. Nikamjazia."

"Usimsikilize, daktari," Elia akasema. "Ni yangu. Mama anataka nisafiri tu."

"Elia! Nimekuzaa mimi, nimekunyonyesha mimi, leo na kikohozi changu unanipokonya?"

Daktari akaweka kalamu chini. Alikuwa na umri wa kuwa mtoto wa yule mama. "Mama, shikamoo," akasema, maana hata salamu hawakuwa wamepeana. "Marahaba, baba," akaitika, na hapo ndipo machozi yakamtoka. Nikamtoa Elia nje, nikafunga mlango.

Nilimsema. Nilikuwa na hasira naye, ya kaka na dada. "Ungemeza wewe, angepona nani?"

"Ningempa yeye."

"Ungempa vipi?"

"Dawa ningechukua kwa jina langu. Nyumbani angemeza yeye. Hakuna ambaye angejua."

"Na Kanada?"

Ndipo akanieleza. Mama yake ndiye mpishi wa Kibakwe. Harusi ikiwepo, msiba ukiwepo, ugali wa watu wote unasongwa na yeye, na akikosekana watu wanasema chakula hakikunoga. Baba alipougua kifua mpaka akafa, majirani waliacha kunywa maji kwao. Hawakusema kitu, walikuwa hawana kiu tu, wote kwa pamoja. Mama ilimchukua muda mrefu kurudi kwenye jungu. Daktari alipotamka vijidudu vimeonekana, Elia alijua palepale ni vya nani, na akaona heri apoteze safari yeye kuliko mama apoteze jungu mara ya pili.

Mimi ni mtu wa machozi, mnanijua. Nililia mpaka nikamwaga ndoo. Halafu nikamwambia ukweli wake: dawa zile zinatolewa kwa uzito wa anayezimeza, na anayezimeza anafuatiliwa, makohozi yake yanapimwa tena. "Wewe una kilo za fahali, mama yako ana kilo za kuku wangu. Ungemuua kwa kumpenda."

Mama Elia akapigwa eksirei siku hiyohiyo. Mzee Saidi alivaa barakoa yake, akampanga. "Mama, usiogope," akamwambia. "Mke wangu alimeza hizo dawa, akamaliza. Saa hizi akinigombeza, sauti inafika Kondoa. Ningejua, ningemshauri aache nusu." Yule mama akacheka akiwa amebana pumzi, picha ikarudiwa. Picha ya pili ilionyesha kila kitu. Halikuwa vumbi la uwele.

Elia naye akaanza upya, safari hii nyuma ya jengo, mimi nimesimama upande upepo unakotoka, namwangalia. Hakuwa na makohozi kweli. Ilibidi tumvutishe mvuke wa maji ya chumvi kwa mashine, dakika nyingi, ndipo kifua kikaachia kidogo. Kwenye darubini hakuonekana kitu. Ikabaki kuotesha. Alimwandikia mwajiri wake, akajibiwa kwamba atasubiriwa, ila isiwe mpaka ng'ombe wazae wote.

Basi wakakaa Mkonze, mama na mwana, kila mmoja na kipimo chake. Elia akaahidiwa dawa za kinga chupa isipoota kitu, kwa sababu anaishi na mgonjwa. Mama akaanza matibabu, na Elia ndiye akawa msimamizi wake. Msimamizi maana yake ni mtu wa nyumbani anayehakikisha dawa inamezwa kila siku. Chumba cha mama madirisha yalikuwa wazi mchana na usiku, na upepo wa Dodoma mnaujua, asubuhi unachota mchanga kitandani. Kutwa alikuwa anakaa nje ukutani, anapepeta, anachambua, na Elia anamletea vidonge: "Mama, meza. Mama, fungua mdomo. Inua ulimi."

"Huyu ananifanya ng'ombe," aliniambia nilipopita kuwajulia hali. "Keshokutwa atanitazama meno ajue umri."

Asubuhi moja Elia alikuja mbio kwangu, hana viatu. Mkojo wa mama umekuwa mwekundu! Nikamwambia ni rangi ya dawa, ni kawaida, mwambie asiogope. Nilipofika, mama mwenyewe alishatulia. "Nilidhani nimeanza kukojoa juisi ya rozela," akasema.

Wanawake wenzake wa jungu walisikia yuko Dodoma anaumwa, wakaja na lori la mahindi, wanne. Nilikuwepo. Elia alitaka kuwaambia mama ana malaria. Mama akamzuia kwa mkono. Aliwaacha wakae kwenye mkeka, yeye amebaki kule ukutani, akasema, "Nina kifua kikuu. Nameza dawa, na daktari amesema nitapona. Mkitaka kuondoka, sitanuna."

Mmoja, mnene, mwenye sauti nzito, akauliza, "Kwa hiyo harusi ya mtoto wangu baada ya mavuno nani atasonga?"

"Baada ya mavuno nitakuwa nimemaliza dawa."

"Basi sawa. Maana safari hii ule ugali wa huyu hapa ulikuwa na mabonge," akasema akimwonyesha mwenzake, na hapo ugomvi ukaanza, mkeka mzima unacheka. Mmoja aliondoka mapema kidogo, ni kweli. Maji hakunywa. Watatu walikunywa.

Ile miezi miwili ya kusubiri chupa, Elia aliichukia siku za mwanzo. Baadaye aliacha kuniuliza majibu. Mama alianza kunenepa, kanga ikaanza kumbana. Halafu siku moja daktari akaniita: hakuna kilichoota. Kivuli hakikuwa kimebadilika hata kidogo, ni kovu la zamani tu, labda nimonia ya utotoni. Kijana yuko huru kusafiri.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia aje kituoni. Nilikimbia. Alitoka kwa daktari akiwa na uso usiosomeka, na jioni nikamkuta amekaa nje na mama yake.

"Hataki kwenda," mama akaniambia.

"Sijasema sitaki. Nimesema bado."

"Bado mpaka lini?"

"Mpaka umalize. Imebaki miezi minne. Mama mdogo anaondoka alfajiri kwenda sokoni, nani atakutazama?"

"Mdomo ni wangu, Elia. Nitajitazama."

"Hata kile kikohozi uliniambia ni vumbi la uwele."

Ni kweli mama alikuwa amejidanganya kwa uwele miezi yote ile, na wote watatu tulijua.

Mimi, wadogo zangu, tangu utotoni naota ndege. Nimewapima watu wa kwenda kila upande wa dunia, na mimi mwisho wangu ni Morogoro. Nilikuwa nikiwafunga watu kitambaa cha presha mkononi nafikiri, siku moja nitafungwa mimi, nami niambiwe vuta pumzi, ibane, usicheke. Sijui kwa nini jioni ile ndoto yangu yote iliingia kwa yule kijana.

"Nitakuja mimi," nikasema. "Kila asubuhi kabla ya kazi. Nitamtazama mdomo mpaka ulimi uchoke."

"Kila asubuhi, dada? Hata Jumapili?"

"Jumapili nitakuja nimevaa gauni."

Elia alimtazama mama yake. Mama akamwambia, "Mtu ambaye hajanizaa wala sijamzaa amekubali kunichungulia meno. Wewe nenda, ng'ombe wa watu wanakusubiri."

Akaenda. Zahanati alikochukulia dawa wakaniandika mimi kuwa msimamizi. Na kila asubuhi, kazi ikawa ile ile: shikamoo mama, marahaba mwanangu, vidonge, maji, fungua mdomo, inua ulimi, asante. Siku nyingine alikuwa hataki, kichefuchefu, au amechoka tu kuwa mgonjwa, na hapo nilikuwa nakaa naye mpaka zitulie tumboni. Siku nyingine Elia anapiga simu nikiwa palepale, nyuma yake ng'ombe wanalia, na mama anamwuliza kwanza hali za ng'ombe, kwa majina.

Alimaliza. Makohozi yalipimwa, hayakuwa na kitu. Alimeza kidonge cha mwisho mbele yangu, akafungua mdomo, nikakagua, tukashikana mikono kama viongozi.

Asubuhi iliyofuata sikuwa na kazi tena pale. Lakini miguu ilishazoea, nikajikuta ukutani kwake. Alikuwa anafunga mzigo, anarudi Kibakwe, mavuno yamekaribia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitika. Akaacha mzigo, akakaa vizuri, akafungua mdomo.